Siku Nilipowapikia Wageni wa Masomo Yako

Mwanangu Kabale,

Salaam aleikum, mama. Umeondoka saa tatu asubuhi kwenda Garbatulla kuwaaga jamaa wa marehemu abba yako, na kwa barabara ile najua hutarudi kabla ya magharibi. Nimefunga mlango wa mbele ili majirani wadhani nimetoka. Nimeng'oa karatasi katikati ya daftari lako la ualimu, zile ulizoacha bila kuandika, na nimekalia kitanda chako kwa sababu ndicho kitu pekee chumbani ambacho hakijajaa nguo. Usinicheke mwandiko. Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo nimeandika majina ya wateja wa maziwa tu.

Habari za sweta, za dawa, za kutoiacha pasipoti ovyo, sitaziandika. Kila mtu hapa Wabera ameshakuambia, hata wale ambao hawajawahi kuvuka Nanyuki. Jana Mama Ibrahim wa hapo jirani alikueleza baridi ya Uholanzi nusu saa nzima, na kwa jinsi alivyokuwa anaisimulia ungedhani alizaliwa huko. Nilimwacha aseme. Mimi nilikuwa nawaza langu.

Nina jambo moja la kukuambia, na nimelificha miaka minne. Ule ufadhili wa kwanza ulioomba ili uendelee na masomo ya juu, ule wa Nairobi, haukukukataa wewe. Mimi ndiye niliyekuharibia.

Nimeandika sentensi hiyo nikainuka, nikaenda jikoni, nikarudi. Bado ipo. Basi niendelee.

Ningeweza kunyamaza hadi mwisho. Umepata ufadhili mwingine mkubwa kuliko ule, karo yote, tiketi, chumba cha kulala, utafiti wako unalipiwa, na mtu mwingine angesema ya kale yamepita, ya nini kuyachokoa. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo moyoni. Lakini Alhamisi iliyopita ulikuwa hapa na rafiki yako Amina mkikunja nguo, nami nilikuwa upande wa pili wa pazia nikitafuta sindano. Amina alikuambia, "Wewe ni mkali bana, wamekuchagua kati ya watu wa dunia nzima." Ukamjibu, taratibu kabisa, "Wale wa kwanza waliniona vile niko, wakanikataa. Hawa bado hawajaniona. Wakiniona watanirudisha." Amina alicheka akidhani ni mzaha. Mimi ni mamako, najua sauti yako ya mzaha, na hiyo haikuwa yenyewe.

Nilibaki nimesimama nyuma ya pazia na sindano mkononi. Niliona kwamba unapanda ndege ukiamini uwongo, na uwongo wenyewe ni wangu.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Wewe ulikuwa umeenda Korbesa kumuuguza akko yako, mamangu, na kule mtandao ulikuwa wa kupanda kilima. Kwenye fomu uliandika namba yangu. Wakanipigia mimi. Mtu mmoja mpole akasema kesho watakuja watu wawili kutoka Nairobi, mwanamume na mwanamke, kuona hali ya nyumbani. Alisema hivyo hivyo, "hali ya nyumbani."

Kabale, unajua kwetu watu wakija kuitazama nyumba ya msichana ni kwa ajili ya nini. Wanakuja kuposa, wanataka kuona ametoka kwa watu wa namna gani. Na nyumba hiyo, hata kama imeezekwa kwa magunia, siku hiyo inasimama. Mimi sikujua aina nyingine ya wageni wanaokuja kwa ajili ya binti. Nilisikia wanataka kumchukua mtoto wangu wampeleke shule kubwa, nikajiambia, basi wajue kwamba hawaokoti mtu barabarani.

Nikaazima zulia jekundu la Mama Ibrahim, lile la Idd. Nikaazima flaski mbili na vile vikombe vyake vyenye mstari wa dhahabu. Nilikuwa nimebakiwa na mbuzi watatu, nikamwomba mjomba wako atume mmoja kwa lori la Merti, akafika alfajiri, na kufikia saa sita alikuwa kwenye sufuria. Nikapika pilau, nikakaanga nyama, nikaweka maziwa ya ngamia niliyoyafukizia chombo kwa moshi wa mti wa ejersa mpaka nyumba nzima ikanukia. Nikavaa dirac ya harusi ya shangazi yako. Nilikuwa nimependeza, wacha nikuambie ukweli.

Walikuja, wakavua viatu, wakakaa. Yule mama alikuwa mtu mzuri, alikula vizuri na kusifu maziwa. Baadaye akatoa karatasi zake na kuanza kuuliza.

"Mama, hapa nyumbani mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Sisi? Tunakula tu. Mtu akisikia njaa anakula."

"Na mifugo mko nao wangapi?"

Unajua mtu haulizwi hivyo, na akiulizwa hajibu. Nikasema, "Wako, alhamdulillah."

"Wako wengi?"

"Mungu ametupa."

Walikuwa wamebaki wawili, na nyama ya yule wa tatu ilikuwa bado kwenye meno yetu.

Akaandika. Halafu akanitazama, na sauti yake ikashuka kidogo, akauliza, "Na wakati wa ule ukame mkubwa, kuna siku watoto walilala bila kula?"

Mwanangu, sijui kama nitaweza kukueleza swali lile lilinifanya nini. Nilijisikia kama nimevuliwa nguo mbele ya yule mwanamume. Nilikuwa nimewalea nyinyi watatu peke yangu tangu abba yenu afariki. Ukame ule ulipokuja, ngamia walikufa, maziwa yakaisha, na mimi nilikuwa sina kitu kingine cha kuuza. Nakumbuka ile chai ya rangi tuliyokuwa tunainywa jioni na kuiita chakula. Nakumbuka nilivyowafunza jibu, wewe na ndugu zako: mkiulizwa mmekula, semeni mmeshiba. Ulikuwa kidato cha tatu, ulikosa muhula mzima, nikawaambia watu unaumwa kifua. Nilifanya kazi kubwa sana kuficha njaa ile, Kabale. Kuificha kulinichosha kuliko njaa yenyewe. Halafu mgeni anakuja kukaa juu ya zulia na kuiuliza kwa jina.

Nikamwambia, "Nani? Watoto wangu? Hapana, hapana." Nikamwongezea maziwa.

Mpaka hapo ningesema sikujua, na ningekuwa na haki kidogo. Sikujua kwamba ufadhili ule ulikuwa wa watoto wa watu wasiojiweza. Ulinieleza, lakini ulinieleza kwa haraka ukiwa na begi mkononi, nami nilisikia neno "masomo" nikaacha kusikia mengine. Sikujua pia kwamba wewe kwenye fomu ulikuwa umeandika yote, chai ya rangi, ule muhula, kila kitu. Kwa hiyo wale watu walikuwa na hadithi mbili mikononi, yako na ya pilau yangu.

Lakini kuna la pili, na kwa hilo sina pa kujificha.

Baada ya wiki mbili yule mama alinipigia tena. Nilikuwa pale kwenye kibanda cha maziwa, saa ambayo jerikeni zinafika kwa boda, wanawake wote wapo. Simu yangu wakati ule ilikuwa haisikiki bila spika, unaikumbuka. Nikaiweka spika. Akasema, na kila mtu akasikia:

"Mama Kabale, binti yako ameandika kwamba wakati wa ukame mlikuwa mnalala njaa, na akakosa shule muhula mmoja. Sisi tulipokuja tuliona tofauti. Nakuuliza ili nisimkosee. Ni ipi ya kweli?"

Alinipa mlango wazi. Angalia hilo neno lake, "nisimkosee." Mtu asiyekujua alikuwa anajitahidi kukutetea. Nilichotakiwa kusema ni maneno matatu, mtoto amesema kweli. Nikawatazama wale wanawake. Walikuwa wameacha kumimina maziwa. Nikacheka, Kabale. Nikasema, "Ah, watoto wa siku hizi wanajua kuandika. Ametia chumvi kidogo."

Kisha akasema, "Asante, mama," na simu ikakatika. Nami nikachukua kopo, nikaendelea kupima maziwa.

Ulirudi kutoka Korbesa, ukapata ule ujumbe kwamba hukuchaguliwa. Hawakuandika sababu. Ulijifunika leso siku tatu. Ulipoinuka uliniambia, "Aayo, sikuwa mzuri vya kutosha." Nilikuwa hapo, nimekaa karibu nawe, nimeshika mguu wako. Ningeweza kusema wakati ule. Nikasema, "Ni mipango ya Mungu." Nimeomba msamaha kwa mengi katika maisha yangu, lakini hilo la kumsingizia Mungu jambo nililolifanya mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, linanifanya nione haya hata nikiwa kwenye mkeka wa kuswali.

Baada ya hapo nilikuona ukipungua. Ulienda kufundisha ile shule ndogo ya kibinafsi, ukawa unarudi na chaki kwenye mikono na bila maneno. Vitabu vyako vya sayansi ukavitia kwenye gunia, gunia ukaliweka chini ya kitanda hiki. Mwalimu wako wa chuo alikuwa akikupigia kuhusu nafasi nyingine za ufadhili, unamwambia utaangalia, na huangalii. Mimi nikawa nakupikia vizuri. Nilidhani chapati zitakulipa.

Nikuambie kitu kingine, kidogo, ili unijue vizuri. Unakwenda kusoma maziwa ya ngamia, kwa nini chombo kilichofukizwa kinayaweka siku nyingi bila kuharibika. Uliniandika kwenye maombi yako kama mtu anayeijua kazi hiyo, ulinisomea, nikafurahi sana. Lakini mwaka mmoja kabla hujazaliwa niliwahi kuchanganya maziwa ya jana na ya leo kwa sababu sikutaka kuyamwaga ya jana. Jerikeni nzima ikaganda kabla basi halijafika Isiolo Barracks, na wenzangu wawili waliotia maziwa yao humo wakapoteza yote. Niliwaambia jua lilikuwa kali. Naona nina tabia ya kulaumu vitu vilivyo juu. Kwa hiyo ukiwa huko kwenye maabara yao, ukiona sisi akina mama tumekosea mahali, andika kwamba tumekosea. Usitulinde. Nimeona kulindwa kunakotufikisha.

Na watakuuliza tena habari za nyumbani. Watu wanaofadhili wanapenda kujua, na wengine si kwa ubaya. Sitakuambia useme nini. Njaa ile ilikuwa yako pia, uitoe kwa unayemtaka na umnyime usiyemtaka. Siku tulipokwenda kwa chifu kutafuta barua ya huu ufadhili mpya, alikuuliza, "Niandike uwezo wenu ni mdogo?" Mimi nilikuwa naangalia kalenda ukutani kama mtu anayetafuta tarehe. Wewe ukasema, "Andika." Hukuinamisha kichwa wala hukuongeza neno. Tulipotoka nje nilitaka kukuambia nimejivunia, nikaishia kukuambia kiatu chako kimefunguka kamba.

Sasa nikuambie la leo, maana ndilo lililonikalisha hapa kuandika.

Baada ya wewe kuondoka nilikwenda kibandani. Nilikuwa nimeamua usiku kucha kwamba kama nitakuambia wewe, lazima niwaambie kwanza wale waliosikia. Nikasubiri maziwa yamiminwe yote, nikasimama. Nikasema, "Kuna siku nilipigiwa simu hapa, nikasema Kabale ametia chumvi. Mtoto hakutia chumvi. Tulikuwa tunalala njaa, na mimi nilimfanya mtoto wangu mwongo mbele yenu."

Nilingoja waniangalie vibaya. Talaso, yule mama mzee anayekaa karibu na mlango, alikuwa anafunga jerikeni yake kwa kamba. Hata hakuinua macho.

"Ala! Wewe Halima ulidhani sisi wakati ule tulikuwa tunakula nini?"

Wakacheka wote. Kicheko kile kilikuwa cha watu waliochoka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Nikadhani yameisha. Lakini Talaso akaniita kando.

"Ile siku ya simu nilishangaa," akasema. "Nilishangaa sana. Kwa sababu mtoto wako alikuwa anakula kwangu."

Nikamwambia, "Kabale? Lini?"

"Ule ule ukame. Anapita jioni, nampatia kile kidogo nilikuwa nacho. Ingine anafunga kwa karatasi anasema ni ya wadogo wake. Alinikataza nisikwambie. Aliniambia, 'Aayo akijua atasikia aibu.'"

Nilikaa chini pale pale juu ya jerikeni tupu. Kumbe zile siku mdogo wako alikuwa akisema ameshiba na mimi nikishangaa kwamba amejifunza uwongo vizuri hivyo, alikuwa ameshiba kweli. Kumbe ulikuwa unatembea kutoka kwa Talaso na kipande cha ugali ndani ya karatasi, unampa gizani, halafu unakaa nami unakunywa chai ya rangi ili nisijue. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulinitunzia heshima yangu bila kuulizwa na mtu, na mimi, mtu mzima, nilipoulizwa swali moja tu kuhusu wewe, nilikutupa.

Nisamehe. Sina neno lingine, na hilo lenyewe ni dogo.

Lakini hata usiponisamehe leo, chukua hili na uondoke nalo: hakuna mtu aliyewahi kuiona kazi yako akaikataa. Wale wa kwanza hawakufika hata kwenye kazi yako. Walikwama kwenye zulia la Mama Ibrahim. Hawa wa Uholanzi wamesoma ulichoandika kuhusu moshi na maziwa, ukurasa kwa ukurasa, wakakuuliza maswali kwenye kompyuta kwa saa moja na nusu huku mimi nikiwafukuza kuku wasipige kelele, na wamesema wanakutaka. Wamekuona tayari. Hakuna kitu kingine cha kuonekana. Siku utakayokosea huko, na utakosea, usiseme, "Ndiyo hii, wamenigundua." Sema umekosea, rekebisha, endelea.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii ndani ya sanduku, katikati ya nguo, uikute ukiwa mbali ambako siwezi kuuona uso wako. Nimebadili nia. Nitakupa mkononi ukirudi, ukishakunywa chai na kupumzisha mgongo. Isome humu chumbani, taratibu. Mimi nitakuwa uani. Ukitoka, lolote utakaloniambia nitalisikiliza nikiwa nimesimama mbele yako. Na kama hutakuwa na la kusema, nalo ni haki yako. Kesho nitakusindikiza hadi kwenye basi vivyo hivyo, na wanawake wote wa kibandani watakuwepo, wameshasema watakuja. Mtu yeyote akiuliza msichana huyu ni nani, nitamwambia kwa sauti ya kusikika: ni mtoto wangu, na yote aliyoandika ni kweli.

Mamako,
Halima